Malengelenge ya miguu: Simama mapema, kabla ngozi haijainuka

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, si ajabu kukuta kikundi cha watu waliovaa raba na kofia wakisubiri gari kwenye steji ya Noonkopir. Wengine wanasali kanisa moja, wengine ni wa chama, wengine wanafanya kazi pamoja. Wanaelekea Milima ya Ngong, huku kwetu Kajiado Kaskazini, ambako njia hupanda na kushuka juu ya mgongo wa mlima kutoka kwenye mitambo ya umeme wa upepo hadi upande wa Kona Baridi. Kilele chake kiko takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Jioni kikundi kilekile hurudi, na hakukosi mmoja au wawili wanaoshuka garini viatu mkononi, wakikanyaga kwa ncha za vidole.

Mara nyingi kinachowatembeza hivyo si uchovu wa misuli. Ni lengelenge, kifuko cha maji kisichozidi ukubwa wa sarafu, kilichoota kisiginoni au chini ya kidole gumba.

Wapanda milima si peke yao. Kuna mfanyakazi anayetoka Noonkopir alfajiri kwa miguu hadi viwanda vya EPZ upande wa Athi River ili nauli ibaki mfukoni. Kuna mwanafunzi aliyenunuliwa viatu vyeusi vipya, vigumu kama mbao. Kuna mfugaji wa Kaputiei au Magadi ambaye, wakati wa ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, alilazimika kuwafuata ng'ombe wake mbali na nyumbani siku baada ya siku akitafuta nyasi na maji. Wote hawa miguu yao ndiyo gari lao.

Karibu kila lengelenge la kutembea linaweza kuzuiwa, na vifaa vya kulizuia si vya bei ghali. Lakini likidharauliwa, au likitibiwa kwa pini ya nguo na majivu, laweza kumlaza mtu hospitalini. Makala haya yanaeleza linavyotokea, jinsi ya kulizuia, na la kufanya likishatokea.

Lengelenge hutokeaje

Wengi wetu tunaamini kwamba kiatu huisugua ngozi kwa nje mpaka ikachubuka, kama msasa unavyolamba mbao. Mchubuko hutokea hivyo, ila lengelenge huanzia ndani.

Jaribu hivi. Weka ncha ya kidole cha shahada nyuma ya kiganja chako cha mkono mwingine, bonyeza kidogo, kisha kisogeze kidole mbele na nyuma bila kukiinua. Utaona kidole hakitelezi juu ya ngozi. Ngozi ndiyo inayofuata kidole, huku mifupa iliyo chini yake ikibaki pale pale. Ndivyo inavyokuwa ndani ya kiatu. Unapokanyaga, soksi hushika kiatu, ngozi hushika soksi, lakini mfupa wa kisigino huendelea kwenda mbele na kurudi nyuma. Nyama na ngozi iliyo katikati huvutwa huku na huku kwa kila hatua, na katika mwendo wa kilomita kumi hatua hizo ni maelfu.

Baada ya mvutano mwingi, matabaka ya ngozi ya juu huachana. Panabaki nafasi, na mwili huijaza kwa maji yanayochuja kutoka kwenye damu. Ndiyo maana lengelenge huota katika sehemu zenye ngozi nene iliyoshikamana sana na mwili, kama kisigino, unyayo na kiganja cha anayelima kwa jembe, na kwa nadra sana katika ngozi laini ya tumbo au paja. Ngozi laini huchubuka tu.

Kutokana na hayo, mambo matatu huongeza hatari. La kwanza ni unyevu. Ngozi iliyolowa jasho au umande hunata kwenye soksi kuliko ngozi kavu, na ngozi inayonata huvutwa zaidi. Anayepanda Ngong asubuhi, nyasi zikiwa na umande na ukungu ukiwa chini, huanza safari tayari soksi zikiwa mbichi. La pili ni mchanga. Huku Kitengela tunajua udongo wetu mweusi: ukikauka ni vumbi linaloingia kila tundu, ukinyeshewa ni tope linalovua watu viatu. La tatu ni mguu ambao haujazoea. Hili linastahili maelezo zaidi.

Mfugaji, akala na mguu uliozoea

Mtu anaweza kuuliza: iweje mfugaji avae akala za tairi bila soksi, atembee kutwa nzima, na asilalamike, ilhali karani wa ofisini mwenye viatu vya maelfu ya shilingi anachechemea kabla ya saa sita mchana?

Jibu la kwanza ni hewa. Akala iko wazi. Jasho hukauka, vumbi likiingia hutoka, na hakuna ukuta wa nyuma wa kukisugua kisigino. Jibu la pili ni mazoea. Ngozi inayopata msuguano mdogo kila siku hujijenga, tabaka lake la juu likawa nene na gumu. Ngozi hiyo hustahimili mvutano ambao ungeipasua ngozi ya mtu anayekaa kitini.

Lakini tusiitukuze akala kupita kiasi. Akala mpya huchoma pale mikanda inapopita juu ya mguu, na mwenyeji yeyote atakwambia kwamba siku za kwanza huvaliwa karibu na boma, si siku ya kwenda mnadani. Pia haizuii miiba vizuri kutoka pembeni. Na sugu ikizidi unene, ikakauka na kupasuka, lengelenge laweza kuota chini yake, mahali ambapo ni chungu zaidi na ni vigumu kulifikia. Sugu nene ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu na kusuguliwa polepole kwa jiwe la kusugulia miguu. Isikatwe kwa wembe.

Funzo la akala kwa anayejiandaa kupanda mlima ni kwamba mguu huandaliwa kwa wiki, si kwa usiku mmoja. Ukipanga kwenda Ngong mwisho wa mwezi, anza leo kutembea kwa viatu vilevile utakavyovaa siku hiyo. Nusu saa mara tatu kwa wiki, kisha saa moja, kisha saa mbili mwisho wa wiki. Anayenunua viatu Ijumaa jioni na kupanda mlima Jumamosi asubuhi anajitafutia maumivu mwenyewe.

Kununua kiatu, hata cha mtumba

Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na huvimba zaidi unapotembea kwenye joto. Kwa hiyo kiatu kipimwe jioni, ukiwa umevaa soksi utakazotembea nazo. Simama wima na usikipime ukiwa umeketi. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, maana unaposhuka mteremko mguu husukumwa mbele, na kiatu kisicho na nafasi hiyo hukuachia malengelenge kwenye ncha za vidole na kucha nyeusi. Kisigino nacho kikae imara. Kikipanda na kushuka dukani, kitapanda na kushuka mara elfu kumi mlimani.

Wengi wetu hununua viatu vya mtumba, na hakuna ubaya wowote, mradi ujue unachotazama. Kiatu kilichovaliwa kimechukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kiweke juu ya meza na ukitazame kutoka nyuma: kikiwa kimeegemea upande mmoja, kitakulazimisha ukanyage alivyokanyaga yeye. Ingiza mkono ndani upapase sehemu ya kisigino. Kitambaa kikiwa kimetoboka, au plastiki ngumu ikigusika, kirudishe rundoni hata kama bei ni tamu. Papasa pia mshono wa pembeni, karibu na kidole kidogo. Fundi wa viatu anaweza kubandika kitambaa kipya cha ndani, lakini hawezi kukirudishia kiatu umbo lake.

Kufunga kamba nako ni kazi. Unapopanda, funga kiatu kwa kiasi ili mguu upumue. Kabla ya kuanza kushuka, simama, piga kisigino chini mara mbili ili kirudi nyuma kabisa, kisha kaza kamba sehemu ya juu karibu na kifundo cha mguu. Dakika moja tu, na vidole vyako havitagonga mbele njia nzima.

Soksi, mafuta na dawa ya jasho

Soksi za pamba tupu ni nzuri kwa ofisi na mbaya kwa safari ndefu. Pamba hunywa jasho na hukataa kulitoa. Soksi za nailoni, poliesta au sufi hupitisha unyevu nje, na nyingi zinazouzwa kwenye vibanda vya Kitengela zina mchanganyiko wa aina hiyo. Soma kibandiko chake. Wengine huvaa mbili, ya ndani nyembamba inayobana na ya nje nene, ili mvutano utokee kati ya soksi na soksi badala ya kutokea ndani ya ngozi. Mbinu hii hufanya kazi, lakini kiatu kiwe na nafasi ya kutosha. Soksi ya pili ndani ya kiatu kinachobana ni kuongeza tatizo.

Beba jozi ya akiba. Mnapopumzika kula, vua viatu, kausha miguu, kung'uta mchanga, vaa soksi kavu na zile mbichi zitundike nje ya mkoba zikauke. Ukiona watu wanacheka, waache wacheke.

Mafuta ya mgando hupunguza msuguano mwanzoni, na wakimbiaji wengi huyatumia. Yana udhaifu mmoja: baada ya muda hunywewa na ngozi na soksi, na ngozi iliyolainika huanza kunata kuliko ilivyokuwa kabla. Ukiamua kuyatumia, yapake tena kila baada ya saa moja au mbili, wala usiyapake asubuhi na kuyasahau. Poda husaidia kwa muda mfupi, kisha hulowa na kuwa vidonge vidogo vya kusugua.

Kuna pia wanaopaka miguuni dawa ya kuzuia jasho, ile ya kwapani yenye chumvi za alumini. Jambo hili limewahi kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani walitembea kilomita 21. Miongoni mwa waliokuwa wamepaka dawa hiyo kwa angalau siku tatu kabla ya safari, asilimia 21 walipata malengelenge, ikilinganishwa na asilimia 48 ya waliopaka dawa bandia. Lakini asilimia 57 ya walioitumia ile dawa yenyewe waliwashwa na ngozi. Kwa maoni yetu, soksi ya akiba ina faida karibu ileile na haiwashi mtu.

Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla ya safari, kwa mstari ulionyooka. Ukizikata usiku wa kuamkia safari, ncha kali zitachoma kidole jirani.

Dakika tano zinazookoa safari

Kabla ya lengelenge kuota, mguu hutoa taarifa. Sehemu moja huanza kuwa na joto, kisha inachoma, kana kwamba kuna kaa dogo ndani ya soksi. Ngozi bado haijaachana. Hapa ndipo pa kusimama.

Watu hawasimami kwa sababu ya haya. Kikundi kinaenda, kiongozi yuko mbele, na hakuna anayetaka kuwa ndiye anayewachelewesha wengine. Basi anajiambia ataangalia wakifika kilele kinachofuata. Milima ya Ngong ina vilele kadhaa, na kila kimoja hufichua kingine nyuma yake. Akifika huko lengelenge limeshajaa maji. Viongozi wa vikundi wanaweza kumaliza tatizo hili kwa kutangaza kituo cha miguu baada ya nusu saa ya kwanza: kila mmoja anakaa, anavua viatu, anakagua. Hakuna anayeaibika kwa kuwa wote wamevua.

Ukikuta sehemu inayochoma, kausha ngozi, iache ipate hewa kidogo, kisha ibandike plasta. Plasta ya karatasi inayouzwa kwenye maduka ya dawa, ile ya kushikilia bendeji, inatosha, na bei yake ni ndogo. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Dkt. Grant Lipman wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wakimbiaji 128 wa mbio za kilomita 250 zinazokimbiwa kwa siku kadhaa. Kila mkimbiaji alibandikwa plasta ya karatasi katika baadhi ya sehemu za miguu, na sehemu nyingine zikaachwa wazi. Wakimbiaji 81 walipata malengelenge katika sehemu zisizobandikwa. Chini ya plasta, walikuwa 30. Si kinga kamili, lakini kwa kipande cha karatasi ni kazi nzuri.

Namna ya kubandika ina maana yake. Ngozi iwe kavu na isiwe na mafuta. Kata pembe za plasta ziwe za mviringo ili zisikunjike. Bandika bila kuivuta na bila mkunjo wowote, kwa kuwa mkunjo wenyewe utakuletea lengelenge jipya. Kama unajua mahali ambapo kila safari huota, pabandike nyumbani kabla ya kuondoka. Plasta ikishashika, iache mpaka mwisho wa safari. Kuibandua kila baada ya saa moja ili kutazama ni kujichuna.

Limeota tayari: kutoboa au kuacha?

Hapa ndipo ushauri wa mitaani hugongana. Kanuni ni kwamba ngozi iliyoinuka ni bendeji bora kuliko yoyote ya dukani. Inafunika nyama laini, inazuia vijidudu, na chini yake ngozi mpya huanza kujijenga mapema, kiasi kwamba kwa mtu mwenye afya siku chache hutosha. Kwa hiyo lengelenge dogo lisilouma lisitobolewe. Lifunike, na kama linaguswa na kiatu, chukua kipande cha sponji nyembamba, kikate tundu katikati kama kitumbua kilichotobolewa, kiweke ili lengelenge likae ndani ya tundu, kisha funga kwa plasta. Uzito utabebwa na sponji.

Lililo kubwa, lililojaa kwa nguvu, ambalo litapasuka lenyewe hatua mia mbele, ni afadhali litobolewe kwa usafi kuliko kupasukia kwenye soksi yenye jasho. Nawa mikono kwa sabuni. Osha lengelenge na ngozi inayolizunguka kwa maji safi na sabuni, kisha pangusa kwa spiriti. Tumia sindano mpya ya hospitali, ile iliyofungwa kwenye karatasi yake, inayopatikana katika duka la dawa. Mwiba wa mgunga, pini ya nguo, sindano ya shanga na wembe uliotumika havifai hata vikipitishwa kwenye moto wa kiberiti, kwani moto huo huacha masizi na aghalabu hauui kila kitu.

Toboa ukingoni, upande wa chini ambako maji yatateremka yenyewe, matundu mawili au matatu madogo. Bonyeza taratibu kwa kitambaa safi cha bendeji mpaka maji yatoke. Usiivue ile ngozi. Ilaze chini, paka mafuta ya mgando safi au dawa ya kuzuia vijidudu, funika kwa bendeji isiyoganda, kisha bandika plasta juu. Likijaa tena kesho yake, rudia kwa sindano nyingine mpya.

Baadhi ya watembeaji hupitisha uzi ndani ya lengelenge na kuuacha humo ili maji yaendelee kutoka. Uzi huo ni barabara ya vijidudu kuingilia. Lengelenge lenye damu nalo liachwe bila kutobolewa, maana chini yake mishipa midogo imepasuka.

Kama ngozi imeshang'oka na nyama nyekundu iko wazi, osha kwa maji safi yanayotiririka, hata ya chupa ya kunywa. Kata tu kile kipande kilichokufa kinachoning'inia. Paka mafuta, funika. Spiriti isimiminwe juu ya nyama iliyo wazi. Inachoma vibaya na inaua hata chembe zinazojaribu kuponya kidonda. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa na kinyesi cha ng'ombe visiwekwe kabisa. Kinyesi hasa, tutaeleza sababu hivi punde.

Nyumbani, jioni, vua bendeji na uache kidonda kipate hewa ukiwa umeketi mahali safi. Badilisha kila siku au kila inapolowa. Vaa ndara badala ya viatu vya kufunika mpaka uchungu uishe.

Linapoacha kuwa jambo dogo

Mwaka 1924, Calvin Coolidge mdogo, mwana wa Rais wa Marekani wa wakati huo, alicheza tenisi katika uwanja wa Ikulu ya nchi yake bila kuvaa soksi. Akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Vijidudu vikaingia, vikafika kwenye damu, na tarehe 7 Julai kijana huyo wa miaka 16 akafariki, madaktari bora wa taifa lake wakiwa kando ya kitanda. Dawa za antibiotiki zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Sisi tunazo, lakini zinamfaa anayefika kituo cha afya mapema.

Dalili za kukufikisha huko ni hizi. Maumivu yanayoongezeka siku ya pili na ya tatu badala ya kupungua. Uvimbe na joto vinavyosambaa nje ya lengelenge. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo tazama kama ngozi imekuwa nyeusi zaidi au inang'aa kwa kuvutika, na uilinganishe na mguu wa pili kwa kuigusa. Usaha, au maji yenye harufu. Mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda kuelekea mguu wa juu. Mtoki. Homa na kutetemeka. Ukiona mstari, mtoki au homa, usisubiri kesho.

Kisha kuna pepopunda. Vijidudu vyake huishi ardhini na katika kinyesi cha wanyama, na katika kaunti ya wafugaji kama yetu hilo ni kusema viko kila mahali. Kinyesi kikipakwa kwenye kidonda, vimeletewa mlango. Akina mama wengi hupata chanjo ya pepopunda wanapohudhuria kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume, wakiwemo wachungaji wanaotembea zaidi ya wote, wengi hawajaongezewa chanjo tangu utotoni. Ukiwa na kidonda kilichoingia udongo na hukumbuki ulichanjwa lini, mwambie mhudumu wa afya hivyo hivyo, naye ataamua.

Watoto wa shule

Mtoto hukua kuliko kiatu chake. Mzazi hununua kikubwa ili kidumu, na kwa muhula mzima kisigino kinapanda na kushuka ndani yake. Muhula unaofuata kimekuwa kidogo. Kiatu cha mtoto kikiwa kikubwa, soli ya ziada ndani na soksi nene humsaidia mpaka mguu ukue. Ngozi ngumu ya nyuma ya kiatu kipya ilainishwe kwa kuikunja kwa mkono na kuipaka mafuta ya viatu kwa siku kadhaa kabla ya shule kufunguliwa. Jumapili jioni, unapokagua sare, kagua na visigino. Mtoto anayekanyaga nyuma ya kiatu na kukigeuza kandambili huenda hana utundu wowote, huenda kinamchoma.

Wenye kisukari

Yote tuliyosema juu ya kutoboa hayamhusu mtu mwenye kisukari. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza damu inayofika huko. Taarifa ile ya kaa la moto ndani ya soksi haimfikii. Anaweza kutembea kutwa nzima juu ya lengelenge, au juu ya changarawe, asijue mpaka aone soksi imelowa. Kidonda kinachopona kwa mwingine ndani ya wiki, kwake chaweza kuchukua miezi, na baadhi ya watu hukatwa mguu kwa jeraha lililoanza hivyo.

Mwenye kisukari asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu, akipindue na kukikung'uta, kisha apapase ndani kwa mkono. Kila usiku atazame nyayo zake kwa kioo kilichowekwa sakafuni, au amwombe mjukuu amtazamie, pamoja na katikati ya vidole. Maji ya kuoshea miguu ayapime kwa kiwiko. Akiona lengelenge, hata dogo, alifunike kwa kitambaa safi, aache kukanyagia mguu huo, na aende zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayezuru boma au ploti yenu anaweza kumsaidia kupata rufaa. Huko kituoni aseme mapema, kabla hata hajavua kiatu, kwamba ana kisukari.